Thibitisha, Alama 20: Wahakiki wa Moscow na Beijing Mbele ya Muvi za Waitaliano

Kama ulifanya Kiswahili Karatasi ya Tatu kwenye KCSE, hilo swali unalijua. "Mhusika fulani ni katili. Thibitisha. (alama 20)". Hakuna mtu anakuuliza wewe unaonaje. Labda ulisoma riwaya yote mpaka mwisho na ukamwonea huruma huyo mhusika. Haikusaidii kitu. Hukumu imekuja ikiwa imeshachapishwa kwenye karatasi. Kazi yako ni kutafuta hoja kumi, kila hoja na mfano wake, halafu unapeana karatasi na kwenda zako.

Sasa fikiria nchi nzima ikipewa swali hilo kuhusu muvi moja, na karibu kila mtu anayeandika jibu hajaiona hiyo muvi. Ilitokea Uchina mwaka 1974. Na miaka 11 kabla ya hapo, kule Moscow, ilitokea sarakasi ya kinyume: muvi ya Magharibi ambayo wakubwa hawakuitaka ikapewa tuzo kuu katika tamasha la serikali yenyewe, halafu wananchi wakanyimwa kuiona. Muvi zote mbili zilitengenezwa na Waitaliano.

Hizi stori huwa tunazisimulia kirahisi sana. Ati wakomunisti walikuwa washamba, hawakuelewa sanaa, wakapiga marufuku, mwisho wa hadithi. Zii. Walielewa vizuri sana. Baadhi yao waliangalia picha kwa makini kuliko wengi wetu tunaopeana nyota tano bila kueleza ni za nini. Shida ilikuwa kwingine kabisa, na ndiyo nataka tuitazame.

Tuanze na Moscow, Julai 1963.

Kwanza uelewe hali ya hewa. Stalin alikuwa amekufa miaka 10 iliyopita na Nikita Khrushchev alikuwa amelegeza kamba kiasi. Watu waliita kipindi hicho Myeyuko, kama barafu inayoanza kuyeyuka. Lakini Desemba 1962 Khrushchev alienda kuona maonyesho ya uchoraji katika ukumbi wa Manege, akakutana na picha za kisasa ambazo hakuzielewa, na akawatukana wachoraji pale pale mbele ya watu. Machi 1963 akawaita waandishi na wasanii Kremlin akawasomea. Siku hiyo aliyechomwa zaidi upande wa sinema ni mwongozaji Marlen Khutsiev. Kwenye muvi yake, kijana anaota anakutana na babake aliyekufa vitani. Anamuuliza, niishi vipi? Babake anamuuliza, una miaka mingapi? Kijana anajibu, 23. Babake anasema, mimi nina 21, halafu anaondoka. Kusema ukweli ni moja kati ya sini zinazouma zaidi nilizowahi kuziona. Khrushchev alikasirika: baba gani anaacha mtoto wake bila ushauri, hata mnyama hafanyi hivyo! Muvi ikarudishwa kukatwakatwa na ikatoka mwaka 1965 ikiwa na jina lingine.

Juni 1963 Chama kikafanya kikao kizima cha Kamati Kuu kuhusu itikadi. Ujumbe ulikuwa mmoja. Na Magharibi tunaweza kuishi kwa amani kwa mambo ya mabomu na biashara, lakini kwa mambo ya fikra hakuna kuishi kwa amani. Wiki chache baadaye Tamasha la Filamu la Moscow likafunguliwa, na ndani ya begi la Waitaliano kulikuwa na 8½ ya Federico Fellini.

Kama hujaiona, stori yenyewe ni hivi. Guido ni mwongozaji wa filamu ambaye anatakiwa kutengeneza muvi na hana cha kusema. Pesa zimeshatumika, seti kubwa ya chombo cha anga za juu imeshajengwa, waigizaji wanamsumbua, mke na mpango wa kando wamekutana mji mmoja, na yeye anajificha ndani ya ndoto na kumbukumbu za utotoni. Hakuna mfanyakazi wa kiwanda. Hakuna mgomo. Hakuna somo. Kuna hata mhakiki mmoja anayemfuata Guido kila mahali akimwambia mawazo yake ni duni, na Guido kichwani mwake anamnyonga. Sasa peleka hiyo muvi kwa watu ambao miezi sita mfululizo wameambiwa kwamba kazi ya sanaa ni kuwapa wananchi mwelekeo.

Kumbuka pia kwamba Fellini hakuwa mgeni kwa Warusi. Wasovieti walizipenda sana muvi za Italia za baada ya vita. Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ile ya mwaka 1948 ambapo baba na mtoto wanazunguka Roma wakitafuta baiskeli iliyoibwa, ilipokelewa kwa mikono miwili. Le notti di Cabiria ya Fellini mwenyewe ilifika kwenye kumbi za kawaida za sinema, na Giulietta Masina akawa kipenzi cha watu. Kwa mhakiki wa Kisovieti hizo zilikuwa rahisi kuzitetea. Maskini anateseka, ubepari ndio umemtesa, imeisha. Ukisoma hoja hizo leo unaona kuna kitu cha kweli ndani yake, maana De Sica kweli alikuwa anaonyesha dhuluma. Lakini unaona pia kwamba machozi ya watazamaji hayakuwa ya nadharia. Watu waliopoteza kila kitu vitani walimwona mtu mwingine aliyepoteza kila kitu.

Kwa hivyo Fellini alikuwa rafiki, na sasa rafiki amekuja na muvi ambayo haina maskini. Wahakiki wa kule walikuwa na neno la kitu kama hicho: ufomali. Maana yake ni kucheza na umbo na kusahau maudhui, kupamba sahani bila chakula. Neno hilo lilikuwa limewahi kuangamiza watu. Sergei Eisenstein, ambaye wanafunzi wa filamu duniani kote wanamsoma hadi leo, alilaumiwa kwa ufomali na mwaka 1937 muvi yake ya Bezhin Meadow ikasimamishwa kabla haijakamilika. Kwa hivyo mhakiki aliyeandika neno hilo gazetini hakuwa anatoa maoni tu. Alikuwa ameshika rungu.

Mwenyekiti wa majaji mwaka huo alikuwa Grigori Chukhrai. Huyu jamaa nataka umweke akilini. Mzaliwa wa 1921, mwanachama wa Chama, alipigana Vita vya Pili vya Dunia kama mwanajeshi wa parachuti, akajeruhiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1959 alitengeneza Ballad of a Soldier, kuhusu askari wa miaka 19 anayepewa ruhusa aende akamsalimie mamake, na njiani anasaidia watu wengi hadi anapofika nyumbani amebakisha dakika chache tu za kumkumbatia. Hakuwa mpinzani wa serikali. Alikuwa mtu wao.

Kwenye jopo lake alikuwa na Stanley Kramer wa Marekani, Jean Marais wa Ufaransa, Satyajit Ray wa India, na wengine kutoka nchi za kijamaa. Wakubwa walitaka tuzo iende kwa muvi ya nyumbani, Meet Baluev, kuhusu wajenzi wa bomba la gesi. Sina ubaya na wajenzi wa bomba la gesi. Lakini majaji walikuwa wameona 8½ na walijua wameona nini. Kwa masimulizi ya Chukhrai mwenyewe, ilifika mahali majaji wa kigeni wakainuka wakatoka chumbani kwa hasira, na yeye akabaki kati ya moto wa Chama na aibu ya dunia nzima. Hoja aliyoishikilia ilikuwa ya kizalendo, na hapo ndipo ujanja wake ulipo. Hakusema Fellini yuko sahihi na Chama kimekosea. Alisema tukimnyima Fellini hii tuzo, hakuna mtu duniani atakayeliheshimu tamasha letu tena.

Walimpa. Na soma vile maelezo ya tuzo yalivyoandikwa: Fellini anatuzwa kwa kazi bora ya uongozaji inayoonyesha mapambano ya ndani ya msanii anayetafuta ukweli. Umeona? "Mapambano." "Kutafuta ukweli." Hayo ni maneno ya nyumbani, ya Chama chenyewe, yamevishwa muvi ya mtu anayekimbia kazi na mke. Hiyo sentensi moja ni uhakiki wa hali ya juu, na ni bima vilevile.

Inasimuliwa kwamba Khrushchev aliletewa 8½ aione ili apate hasira ya kutosha kumshughulikia Chukhrai, na alichofanya ni kulala usingizi mzito. Kama ni kweli, basi Chukhrai aliokolewa na usingizi wa mzee. Lakini muvi yenyewe haikuokoka. Haikununuliwa kuonyeshwa kwa umma. Miezi michache baadaye, mwaka 1964, Marekani wakaipa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na Mrusi wa kawaida bado alikuwa anaijua kwa jina tu. Walioiona ni wale wa tamasha, na baadaye wanafunzi wa chuo cha filamu na watu wa fani kwenye maonyesho ya milango iliyofungwa.

Na hapa ndipo kazi ya mhakiki ilipobadilika ikawa kitu kingine kabisa. Kama wewe ndiye umeona muvi na msomaji wako hataiona kamwe, makala yako ndiyo muvi. Wahakiki kama Maya Turovskaya, mmoja wa walioandika ile filamu ya kumbukumbu ya Mikhail Romm kuhusu ufashisti ya mwaka 1965, walijifunza kuandika kuhusu Magharibi kwa namna ambayo mdhibiti anasoma kitu kimoja na msomaji anasoma kingine. Warusi wana jina lake la zamani, lugha ya Esopo, kutokana na yule mtunzi wa hekaya za wanyama. Unaanza na aya moja ya kulaani uozo wa mabepari. Halafu unasema, ili tuuelewe uozo huo, hebu tutazame mfano. Na mfano unachukua kurasa nane: mwanamke anaingia hivi, mwanga unaanguka hivi, kamera inabaki usoni hivi. Unamaliza na aya nyingine ya kulaani. Msomaji anaruka mwanzo na mwisho na kusoma katikati kama mtu mwenye njaa. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu mafumbo, lakini fikiria kuishi hivyo kwa kazi, miaka 30, kila makala.

Si kila nchi ilikuwa hivyo. Poland, kwa mfano, baada ya 1956 walikuwa na vilabu vya filamu vya mijadala kila mahali, na kina Bergman, Antonioni na Fellini walitazamwa na kubishaniwa bila sarakasi nyingi. "Ukomunisti" haukuwa ukuta mmoja. Ulikuwa nyumba nyingi, kila moja na baba mwenye hasira za aina yake.

Sasa twende kwa baba mwenye hasira zaidi.

Majuma yale yale ambayo majaji walikuwa wanagombania Fellini, Julai 1963, kulikuwa na ugomvi mwingine mji huo huo. Ujumbe wa Chama cha Kikomunisti cha Uchina, ukiongozwa na Deng Xiaoping, ulikuwa Moscow kujaribu kurekebisha uhusiano uliokuwa umeharibika. Mazungumzo yakavunjika. Kwa Wachina, Khrushchev na watu wake walikuwa wamesaliti mapinduzi na kuwa laini. Na unajua ni msanii gani alitumiwa kama kielelezo cha huo ulaini? Chukhrai! Mwishoni mwa mwaka huo huo mhakiki na mshairi Zhang Guangnian, yule aliyeandika maneno ya Kantata ya Mto Manjano, alichapisha makala ndefu Beijing akizichambua muvi za Chukhrai kama sampuli ya sanaa ya wasaliti. Kosa lake? Alionyesha vita kama huzuni. Askari wake anamlilia mamake badala ya kushangilia ushindi. Yaani mtu aliyeshtakiwa Moscow kwa kumpenda Mtaliano akashtakiwa Beijing kwa kupenda binadamu. Miaka michache baadaye Mapinduzi ya Utamaduni yakaja, na Zhang naye akageuziwa kibao, akapelekwa shamba kufanyishwa kazi. Rungu halina rafiki.

Tufike 1972. Uchina ilikuwa inafungua dirisha kidogo. Oktoba 1971 ilikuwa imerudishiwa kiti chake Umoja wa Mataifa (hapo ndipo Salim Ahmed Salim, balozi wa Tanzania, alicheza ukumbini na Wamarekani wakamwekea kinyongo). Februari 1972 Rais Nixon akatembelea Beijing. Na Mei mwaka huo, kwa mwaliko wa serikali yenyewe chini ya Waziri Mkuu Zhou Enlai, Michelangelo Antonioni akaingia na kikosi cha televisheni ya taifa ya Italia, RAI.

Antonioni huyu ndiye yule ambaye mwaka 1960 muvi yake L'avventura ilizomewa Cannes na kisha ikapata tuzo ya majaji. Mtaalamu wa ukimya. Kamera yake hukaa juu ya kitu kisicho na maana mpaka unaanza kujiuliza kama wewe ndiye huna maana. Alikuwa na huruma na siasa za mrengo wa kushoto, hakuja kuiponda Uchina. Alipewa wiki tano hivi, akapiga picha siku 22, Beijing, mkoa wa Henan, Suzhou, Nanjing na Shanghai, na akatoka na filamu ya karibu saa tatu na nusu, Chung Kuo. Alisema hakuja kueleza siasa. Alitaka nyuso, mikono, mwendo wa watu.

Na hicho ndicho alichotoa. Watu wakifanya mazoezi asubuhi. Mama anayezaa kwa upasuaji akiwa ametiwa ganzi kwa sindano za kienyeji, macho wazi, anaongea. Wazee wa kike waliofungwa miguu utotoni. Kijiji cha Henan ambako hawajawahi kuona mzungu, watu wanachungulia nyuma ya milango na wengine wanakimbia. Msimulizi anakiri wazi kwamba picha nyingine zilichukuliwa kwa kamera iliyofichwa.

Tarehe 30 Januari 1974, gazeti la Chama, Renmin Ribao, likachapisha makala ndefu. Kichwa chake kilizungumzia nia mbaya na mbinu za aibu. Kutoka hapo mikutano ikaitishwa viwandani, shuleni, mashambani, kambini. Watu walisimama kumlaani Antonioni, makala zikakusanywa zikawa kitabu. Na muvi yenyewe haikuonyeshwa kwa umma. Karibu wote waliolaani hawakuwa wameiona.

Sasa, soma mashtaka yenyewe. Utashangaa vile yalivyo makini.

Uwanja wa Tiananmen: hakupiga picha pana ya uwanja wote. Alipiga watu, karibu, mbali, mbele, nyuma, mara vichwa, mara miguu, ukaonekana kama soko. Rangi: amezifanya kijivu na baridi. Sauti: wimbo kutoka opera ya kimapinduzi unasikika juu ya picha za nguruwe. Daraja la Nanjing: amelipiga kutoka pembe mbaya hadi likaonekana limepinda na kuyumba, na chini ya daraja akaweka suruali iliyoanikwa kukauka.

Mtu wa Nairobi atacheka hapo kwenye suruali. Nilicheka pia. Lakini ngoja kwanza nikuelezee lile daraja. Wasovieti walipoondoa wataalamu wao wote Uchina mwaka 1960, Wachina walibaki na mito mikubwa na bila msaada. Wakajenga daraja la ghorofa mbili, magari juu, treni chini, kuvuka Yangtze, na wakalifungua 1968. Lilikuwa kwenye mabango, kwenye vitabu vya shule. Lilikuwa ndiyo jibu lao kwa kila aliyesema hamtaweza. Halafu mgeni uliyemwalika mwenyewe anakuja, analipita kwa boti, na kinachobaki kwenye picha ni suruali ya mtu.

Susan Sontag, mwandishi Mmarekani, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha. Aliona kwamba kwa wale wahakiki picha nzuri ni ya mbele, katikati, yenye mwanga sawa, inayoonyesha kitu kizima. Kukata kitu vipande, kukitazama kwa upande, ni kukosa adabu. Na Umberto Eco, muda si mrefu baada ya Wachina kuibana serikali ya Italia ili muvi isionyeshwe Venice mwaka huo wa 1974, aliandika akijaribu kueleza vile picha moja inaweza kuwa sifa kwa Mtaliano na tusi kwa Mchina. Mtaliano aliyechoka na magari na matangazo anaona kijiji cha Henan anasema, ona watu walivyo na utu na utulivu. Mchina anaona kijiji hicho hicho anasema, umetafuta mahali maskini kuliko pote ukanionyesha uchi.

Na sisi, tukiwa wakweli, tunalijua hilo jicho. Kila Mkenya anajua kamera ya ng'ambo inayoshuka uwanja wa ndege na kwenda moja kwa moja mahali penye mtaro wazi. Mwaka 2015 stesheni moja ya Marekani ilipotuita kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Obama, Twitter iliwaka. Kwa hivyo siwezi kukaa hapa nikawacheka Wachina ati walikuwa na hasira za bure. Sehemu ya hasira hiyo ni yetu pia. Antonioni alikuwa mtu mpole, lakini upole wake haukumpa haki ya kuchungulia watu waliokimbia nyumba zao wakimwogopa. Hapo mhakiki wa Renmin Ribao alishika jambo ambalo wahakiki wa Paris hawakuligusa.

Tofauti ni nini basi? Sisi tuliokasirika 2015 tulikuwa tumeiona ile ripoti. Mtu angeweza kuja akasema, jamani mnazidisha, na akatukanwa tu, asifukuzwe kazi. Mchina wa 1974 hakuwa na klipu. Alikuwa na makala ya gazeti, na zamu yake ya kusimama mkutanoni. Kusema "mimi naomba kwanza niione" ilikuwa tayari ni jibu baya. Na hasira yenyewe, hata kama ilikuwa ya kweli kwa wengine, ilikuwa imekodishwa na watu waliokuwa na vita vyao. Jiang Qing, mke wa Mao, na kundi lake walikuwa wanamtafuta Zhou Enlai. Zhou ndiye aliyekuwa nyuma ya mwaliko. Ukimpiga Antonioni, jiwe linamfikia Zhou bila jina lake kutajwa. Yule mfanyakazi wa kiwanda aliyesimama kulitetea daraja lake kwa moyo wote alikuwa anarushwa kama jiwe na hakujua.

Ndiyo maana nasema shida haikuwa macho. Mhakiki wa Renmin Ribao alikuwa na macho makali. Aliona pembe ya kamera, rangi, mpangilio wa sauti na picha, vitu ambavyo mwalimu wa filamu anatamani wanafunzi wake waone. Lakini kila alichoona kilitumwa kwenda kuthibitisha. Hakuna hata picha moja kati ya saa tatu na nusu ambayo aliruhusiwa ipingane na kichwa cha habari. Yule mama anayejifungua huku anaongea, kwa mfano, ni picha ambayo Mchina yeyote angeweza kuringa nayo. Haikuwa na mahali pa kukaa kwenye hiyo karatasi.

Chukhrai alikuwa na karatasi ya aina hiyo hiyo mbele yake. Alichofanya ni kuligeuza swali, na bado akatumia maneno yao. Mimi simwoni kama shujaa wa bango. Muvi ilinyimwa watu na yeye akaendelea na kazi. Lakini kuna sentensi moja rasmi ya mwaka 1963 inayosema Fellini ni msanii anayetafuta ukweli, na iliwekwa pale na mtu ambaye angeweza kuepuka kuiandika.

Antonioni aliumia. Alikuwa ametukanwa na mabepari, akazomewa Cannes, hayo aliyazoea. Haya ya kuitwa adui na watu aliowaona kwa upendo hayakumtoka.

Mwaka 1987, wakati wa Gorbachev, Fellini alirudi kwenye tamasha la Moscow na muvi yake Intervista. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Robert De Niro, na wakampa tuzo kuu kwa mara ya pili. Chung Kuo ilisubiri zaidi. Ilionyeshwa Beijing mwaka 2004, kwenye chuo cha filamu, miaka 30 baada ya kuhukumiwa. Baadhi ya waliokuwa ukumbini walikuwa wamewahi kuandika insha za kuilaani wakiwa watoto wa shule. Antonioni alikuwa na miaka 92, na kiharusi cha mwaka 1985 kilikuwa kimemwacha karibu bila usemi.